Mita Moja, Milango Sita

Katika nyumba za kupanga za Mbagala, ambamo aghalabu korido moja hutenga vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na uani mna choo, bafu na kamba za kuanikia nguo, hakuna mamlaka yanayotiiwa kwa hofu na kunung'unikiwa kwa siri kuliko kile kisanduku cha LUKU kilichopigiliwa ukutani karibu na mlango wa mbele. Kwa maana mwenye nyumba aweza kusihiwa akangoja kodi yake hata tarehe kumi, na mjumbe aweza kuombwa radhi, walakini mita haina sikio wala haya, na uniti zikiisha saa tatu ya usiku huwazimia wapangaji taa mbele ya wageni pasipo hata kubisha hodi.

Ndugu yangu mmoja aliyehamia Uingereza alipata kunieleza kwamba huko kampuni ya umeme huketi ikakisia nyumba itatumia kiasi gani kwa mwaka mzima, ikagawa kisio hilo kwa miezi kumi na miwili, kisha kila mwezi ikachota fungu lile lile katika akaunti ya benki ya mteja, wakati wa joto akiwa anadai na wakati wa baridi akiwa anadaiwa, mpaka mita isomwe na haki idhihiri. Akatusikitikia sana sisi tunaolipa kabla ya kutumia. Nilimwacha asikitike, kwani sikutaka kumfadhaisha kwa habari kwamba sisi vile vile tunakisiwa, tena si na kampuni yenye makarani na vitabu, bali na wapangaji wenzetu, wanaokutana barazani Jumapili baada ya alasiri, kila mmoja akiwa hakimu katika kesi ya jirani yake na wakili katika kesi yake mwenyewe.

LUKU, iliyoanza kuenea hapa nchini katika miaka ya 1990, ilikusudiwa kumwondolea mtu taabu ya ankara za mwisho wa mwezi: unanunua, unapata tarakimu 20, unazibonyeza, umeme unaingia, na ukiisha umejua. Ni mpango wa insafu kabisa, maadamu mita ina mwenyewe mmoja. Yetu ina wenyewe sita. Mbele yupo fundi cherehani, mkabala naye mwalimu wa shule ya msingi. Katikati wapo kijana wa bodaboda mwenye sabufa na mama mmoja mwenye jokofu la kugandishia barafu za kuuza. Nyuma yupo bibi mwenye taa moja, ambaye hulala mara baada ya isha. Na mimi, karani mstaafu, mwenye feni, redio, na mwandiko mzuri, ambao ndio ulioniponza nikakabidhiwa daftari la michango.

Katika kikao cha kwanza cha makadirio nilitambua kwamba binadamu hukisia umeme kwa masikio. Kijana wa sabufa alipangiwa fungu kubwa kuliko wote, kwa hoja kwamba chombo kinachotikisa vyombo kabatini hakiwezi kuwa kinakula kidogo. Ilhali fundi, ambaye pasi yake haisikiki hata kwa aliye mlangoni, akahesabiwa miongoni mwa mafakiri. Nikajaribu kuwaonyesha kibandiko cha nyuma ya kila kifaa, nikawaeleza kwamba pasi ya wati 1,000 ikiwaka moto saa nzima imekula uniti moja kamili, na sabufa ya wati 40 yapaswa kupigwa saa 25 ndipo ikafikia hapo, na kwamba ile taa ya bibi, ya wati 9, huwaka zaidi ya saa 110 kabla ya kumaliza uniti hiyo hiyo.

"Mzee wangu," akasema fundi kwa adabu nyingi, "hesabu yako ni ya vitabuni. Pasi hii naipa umeme mara moja tu asubuhi. Kutwa nzima inajitegemea kwa moto ule ule."

Hoja hii ilipata wafuasi. Mama wa barafu naye, alipoona mlango umefunguka, akapita: jokofu lake, alisema, lina gesi yake humo ndani, na umeme ni wa kuliamsha tu, fauka ya hayo, serikali imejenga Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, na umeme wote huo usipopata majokofu ya kuupokea utakwenda wapi? Mwalimu, mtu niliyemtegemea, alitikisa kichwa kama anayekubali. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akihifadhi samaki wake mle mle.

Lakini hasara iliyo kubwa haikutoka katika chumba chochote, na hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa kuwa ni jambo la hesabu na mimi nimezeeka katika hesabu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yule waliyemwita wa D1, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ilikuwa shilingi 350. Naye aliyezoea kuzidisha alihamishiwa T1, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ilikuwa shilingi 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na ile shilingi 100 yawa 122, na ile 292 yawa 356 na ushei. Sasa tazama: hakuna mlango hata mmoja katika nyumba yetu, ukiacha wa jokofu na wa pasi, ambao ungekaribia uniti 75 kama ungekuwa na mita yake, walakini kwa kuwa tumekusanyika nyuma ya mita moja, tumehesabiwa kuwa mtu mmoja mwenye jokofu, pasi, sabufa, feni na televisheni, na tumetozwa ipasavyo. Yule bibi, ambaye kwa mwezi hatumii hata uniti 5, alinunua mwanga wake kwa bei ya mwenye ghorofa. Sisi sita, kila mmoja na dhiki yake, tukijumlishwa ni tajiri mmoja.

Tulimpelekea mwenye nyumba shauri kwamba kila chumba kipate mita yake. Akauliza gharama. Kuunganishiwa umeme mjini, tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960 kwa aliye ndani ya mita 30 asiyehitaji nguzo, bila kutaja nyaya mpya za ndani. Akazidisha kwa sita kimoyomoyo, tukamwona akizidisha, kisha akasema, "Wanangu, mimi nilijenga nyumba, sikujenga bwawa la Kidatu."

Na kuna habari ya kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Mwenye jengo ndiye mdaiwa, lakini mkatwaji ni yeyote anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Michango yetu hukusanywa tarehe tano, na kabla ya hapo hununua yule anayeshindwa kuvumilia. Basi tarehe mosi imepata kutukuta gizani, watu wazima wenye akiba katika simu zao, kila mmoja akijipepea kwa kipande cha boksi na kusubiri mwenziwe azidiwe na joto. Mara nyingi aliyezidiwa alikuwa mama wa barafu, ambaye biashara yake ilikuwa ikidondoka matone, na hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma ambayo makadirio hayakuwa yameiruhusu.

Mwaka 2024 ukaja na mtihani mwingine. Mita za aina hii, duniani kote, huhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na hesabu hiyo, ambayo haina nafasi ya kupita dakika milioni 16 na laki saba na kitu, ilikuwa ikome tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo kila mteja alipewa mafungu mawili ya ziada ya tarakimu 20, ayaingize kabla ya lile la umeme wenyewe. Tarakimu 60, usiku, kwa mita iliyo juu ya kimo cha mtu! Mwalimu alisoma imla, kijana wa bodaboda akabonyeza akiwa amesimama juu ya ndoo, fundi akashika tochi, na mama wa barafu akauliza kila baada ya tarakimu mbili kama ile ilikuwa saba au nane. Umeme uliporejea, fundi akadai apunguziwe mchango kwa kazi ya tochi.

Ndipo tukaafikiana kununua submita Kariakoo, moja kwa kila chumba, zisome nani anakula nini. Mwezi ulipotimia niliwasomea matokeo barazani: pasi ya kwanza, jokofu la pili, nami wa tatu kwa feni yangu, jambo ambalo sikulikawiza katika kusoma. Kijana wa sabufa alikuwa wa tano, juu ya bibi tu. Fundi alirudia pasi ya mkaa, na barafu ya shilingi mia ikapungua unene. Kijana yeye alikaa kimya, akatoa simu, akapiga hesabu ya miezi yote aliyotozwa kwa sababu ya kelele, akatangaza kwamba anatudai na anataka chake.

Hakuna aliyeweza kumpinga, na hakuna aliyekuwa na fedha. Baraza likashauriana kwa muda mrefu, likatoka na hukumu kwamba alipwe kwa namna nyingine: aruhusiwe kupiga sabufa kila usiku hadi saa nne, kwa sauti apendayo, mpaka deni litakapokwisha. Ameridhika mno, wala haonyeshi haraka ya kumaliza kudai. Chumba changu ndicho kinachopakana na chake.