Lita Tatu na Nusu za Hewa

Maboksi ya fudi prosesa yote yameandikwa na mtu mmoja, nami namtafuta. Ni yule aliyeweka "lita 3.5" ubavuni kwa tarakimu nene, kisha ndani ya bakuli akachora kamstari kembamba, chini ya nusu, ka kusema maji yasipite hapo. Ukipitisha, mchuzi unapanda kwenye mhimili wa kisu katikati na kushuka taratibu juu ya mota. Kwa hiyo lita nilizolipia ni tatu na nusu, ninazoruhusiwa kutumia ni moja na ushee, na zilizobaki ni hewa. Akichoka kuandika lita anaandika vikombe 14. Kikombe chenyewe ni cha Kimarekani, mililita 237 hivi, kwa hiyo ukipiga hesabu unarudi kwenye lita 3.3 na hewa yake.

Nyumbani kwetu chombo kikubwa ni kile ambacho jirani huja kukiazima akiwa na shughuli. Ramadhani ikiingia, futari yangu inaliwa na wifi, mashemeji, watoto wa mashemeji na yeyote aliyesikia harufu. Kunde za bajia naloweka kwa beseni. Chapati nakanda pakiti ya unga ya kilo mbili kwa mkupuo. Sasa mashine inayojiita kubwa, ukisoma kitabu chake ukurasa wa mwisho, inakuomba unga usizidi kilo moja. Mimi mikono yangu haijawahi kumwandikia mtu kitabu cha masharti.

Asili ya mashine hii ni majiko ya biashara. Mfaransa Pierre Verdon aliiunda kwa ajili ya wapishi wa mahoteli, na mwaka 1971 akatoa ya nyumbani, Magimix. Mhandisi wa Kimarekani, Carl Sontheimer, akaipenda, akaipeleka kwao kwa jina la Cuisinart na kuionyesha Chicago mwaka 1973. Walichukua mashine ya hoteli wakaipunguza iingie nyumbani, na hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hawa waliokuja baadaye, wanaoikuza tena kwa maneno.

Neno lao kubwa ni wati. Wati 800, wati 1000, wati 1200! Wati ni umeme ambao mashine inakula. Kuchagua fudi prosesa kwa wati ni sawa na kupima uhodari wa mgeni kwa sahani za wali alizomaliza. Mume wangu naye kasikia wati 1000 akaanza kuulizia LUKU. Nikamfanyia hesabu: ikizunguka dakika sita mfululizo imekula sehemu ya kumi ya yuniti, na kitunguu kikizungushwa dakika sita hakuna kitunguu tena, kuna juisi. Pasi yake ya kunyoosha mashati ya wiki nzima haijawahi kujadiliwa katika nyumba hii.

Basi nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akachomoa mashine kwenye boksi, akachomeka, akabonyeza. Bakuli tupu, kisu kikazunguka vruuum.

"Umeiona, mama? Hiki chuma!"

"Mwanangu, bakuli tupu hata mimi nalizungusha." Nikafungua mkoba nikatoa kitunguu.

Akalikinga bakuli kwa viganja vyote viwili. "Mama, ukitia kitunguu itakuwa ishatumika."

"Sasa hapa tunajaribu nini?"

"Tunajaribu kama inawaka."

Kinachojaribiwa kama kinawaka ni balbu. Nikarudisha kitunguu mkobani, nikamuuliza kifuniko kikivunjika nitapata wapi kingine.

"Hakivunjiki, mama."

"Kikivunjika?"

"Ina warantii, mwaka mzima."

"Ya kifuniko?"

"Ya mota."

Na ukutani, juu ya kichwa chake, pameandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Asiyewahi kuishi na mashine hizi atashangaa kwa nini nimeng'ang'ania kifuniko. Kina kijino cha plastiki pembeni, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kijino kisipoingia kwenye tundu lake na kulia "ta!", mashine haiwaki. Ni usalama, mtu asije akatia vidole kwenye kisu, na hilo nalikubali. Lakini plastiki huchoka kabla ya chuma. Siku kijino kikikatika, mota yote na visahani vyake vyote vya kukatia ni pambo la kabatini. Ukipeleka kwa fundi wa mtaani, ataunga waya moja kwa moja iwake bila kifuniko. Hapo utakuwa umepata mashine inayosaga vitunguu pamoja na mpishi.

Halafu kuna lile tundu la juu la kulishia. Karoti nyembamba inapita. Kitunguu cha pilau, hiki chekundu cha kushiba mkono, kwenye nyingi hakipiti. Nikishakikata vipande vinne ili kipite, nimeibakizia mashine kazi gani? Ukiacha tundu ukavitupa vyote ndani ya bakuli na kisu cha katikati, vya chini vinakuwa uji huku vya juu havijaguswa, na uji wa kitunguu ukiutia kwenye mafuta unachemka tu, hauelekei kwenye rangi ya pilau. Ukimaliza, unaosha bakuli, kifuniko, kisukumio, visahani, na kile kisu kilichojificha kwenye povu kikikusubiri.

Ndugu wa mbali nao wana ushauri. Wifi mwingine yuko Muscat, anasema zinunuliwe kule, na kweli plagi zao ni hizi zetu za miguu mitatu bapa na umeme unaendana. Shemeji mmoja yuko Marekani, ana ya kwake asiyoitumia, anataka kutuletea. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Ukiichomeka hivihivi itasaga mara moja na kutoa moshi, na transfoma ya kuimudu inaweza kuwa nzito kuliko mashine. Nimemshukuru, nikamwambia atume thamani yake kwa pesa. Tangu hapo mtandao wa kwao unasumbua.

Mama mkwe hakuniwekea vikwazo. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akauliza swali moja tu:

"Mwanangu, hiyo inatoa nazi kwenye kifuu?"

"Hapana, mama. Unaibandua kwanza kwa kisu, unakata vipande, ndiyo unatia."

"Ahaa," akasema, akaendelea kukuna.

Mtauliza basi naitakia nini. Naitaka kwa kunde. Blenda haisagi kunde bila maji. Kisu kinajichimbia shimo, kinazunguka hewani. Ukiongeza maji zinasagika, lakini rojo linakuwa jepesi, bajia inatawanyika kwenye karai na kunywa mafuta yote. Fudi prosesa inasaga kunde zilizolowekwa bila kuongeza maji, zinabaki na chembechembe, unachota kwa kijiko na bajia inasimama. Tangawizi na vitunguu saumu vya mwezi mzima, hivyohivyo. Kazi hizo mbili zinatosha kunifanya nivumilie maneno ya boksi.

Kwa hiyo masharti yangu ni machache. Iwe nzito, isitembee mezani ikifanya kazi. Iwe na kitufe cha kusaga kwa kushtuashtua, siyo namba kumi na mbili za kuchagulia kasi. Isije na visahani vya kutengenezea viazi mawimbi. Bakuli niambiwe linameza kunde kiasi gani, siyo hewa. Na kifuniko cha pili kiwepo dukani siku ninayonunua cha kwanza.

Masharti hayo nimeyaweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana walaji wa bajia ndio hao. Maoni yamemiminika: mmoja anataka nyekundu, mwingine anauliza kama inatoa na juisi ya miwa. Mchango ametuma shangazi peke yake, na ameandika chini kabisa kwamba hela yake ni ya kifuniko.