Shangazi Ajibu: Nina Huber Watatu

Safu hii ilianza kama ya ndoa. Sijui nani aliwaambia wanafunzi wa uzamili wa mkoa huu wa Mara kwamba Shangazi anajua kompyuta, lakini tangu msimu wa kuwasilisha tasnifu uanze, barua za wakwe zimeadimika. Haya, tujibu zilizopo.

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Kabasa, Bunda. Tasnifu yangu inahusu ndoa za Bukwaya, na ndani ya Zotero, programu ya kutunza marejeo, nina Huber watatu wa mwaka 1973. Wakifika kwenye Word, mmoja anakuwa 1973a, mwingine 1973b, mwingine 1973c. Msimamizi ameniuliza huyu bwana aliandika vitabu vingapi mwaka ule. Nifute wawili? — Mwenye Watatu*

Marahaba, mwanangu. Usifute! Nitarudi kwenye hilo chini, kuna mwenzio ameshafuta na sasa analia.

Kitabu cha Hugo Huber kuhusu ndoa na familia katika Bukwaya, kile cha 1973, ni kimoja. Hao watatu umewakaribisha mwenyewe. Mmoja umemchukua kwenye katalogi ya maktaba, wa pili umemwandika kwa mkono bando lilipokata, wa tatu kaja kwenye faili ulilorushiwa na rafiki kwa WhatsApp, ukalimeza zima zima bila kuangalia lina nini. Wote wameingia kwa milango tofauti, na hakuna aliyebishiwa hodi.

Tazama upande wa kushoto wa Zotero, utaona kabrasha la rejea zilizojirudia. Lifungue, bofya Huber mmoja, na pacha wake atajichagua mwenyewe. Chagua yule mwenye taarifa kamili awe ndiye mkuu, kisha bofya kitufe cha kuunganisha. Viambatisho na lebo za yule mwingine zitahamia kwa mkuu. Rudi kwenye Word, bofya kitufe cha kusasisha marejeo, na herufi zile zitaanza kupungua.

Nasema zitaanza, maana nakuona unarudi kusema kabrasha limeonyesha wawili tu. Programu hulinganisha namba ya ISBN au DOI ikiwepo, na isipokuwepo hutazama kichwa cha kitabu, mwandishi na mwaka. Hebu soma kichwa ulichoandika kwa mkono: umeruka kale kaneno "the" kabla ya "Family". Kwako hako si kitu. Kwa kompyuta hicho ni kitabu kingine. Wachague wote kwenye orodha huku umeshikilia Ctrl, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uwaunganishe kwa nguvu. Ikikataa, angalia aina ya rejea. Nina hakika mmoja umemsajili kuwa kitabu na mwingine makala ya jarida. Wafanye wote vitabu kwanza.

*Shangazi, katika sura ya pili nimeandika kwamba Shetler (2007) na Bender Shetler (2007) wanakubaliana kuhusu kumbukumbu za wazee wa magharibi mwa Serengeti. Mtahini alicheka mpaka akavua miwani. Nilikosea wapi? — Nimeaibika, Musoma*

Mwanangu, wanakubaliana kwa sababu ni mtu mmoja! Jan Bender Shetler ni mwanahistoria aliyewasikiliza wazee wa Mara kwa miaka, mwaka 2003 akahariri kitabu cha historia zilizosimuliwa na wenyeji wa Mara ya kusini, na 2007 akatoa kile cha Serengeti. Katalogi moja imeliweka Bender kwenye majina ya mbele, nyingine imelibandika kwenye jina la ukoo. Rekebisha kisanduku cha jina la ukoo kibaki Shetler peke yake, kisha unganisha.

Halafu ukaiandike upya aya ile. Huber wa Kabasa alichafua orodha tu. Wewe hoja yako ilisimama juu ya wataalamu wawili, na sasa yuko mmoja. Tafuta wa pili wa kweli au punguza sauti.

Ukimaliza, pitia na majina yetu. Ukiwa na "Julius Nyerere" huku na "Julius K. Nyerere" kule, mtindo wa APA utadhani ni watu wawili wa ukoo mmoja na kuanza kuchapa herufi za majina ya mbele katikati ya sentensi. Ukiona (J. K. Nyerere, 1968) ambapo ulitarajia Nyerere tupu, mchawi ni huyo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi nimeunganisha kila kilichofanana. Sasa tafsiri za Mwalimu Nyerere zimebaki mbili, zamani zilikuwa tatu. Ni sawa? — Mchapakazi, Butiama*

Marahaba. Si sawa, na mtu wa Butiama, nyumbani kwa Mwalimu, ndiye wa mwisho niliyemtarajia kufanya hivyo. Tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare ilitoka 1963. Mwalimu akaipitia upya, ikatoka tena 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Matoleo hayo ni mawili, yana maneno tofauti, na anayetafiti tafsiri anayahitaji yote mawili. Programu inaweza kukuonyesha wanaofanana, lakini anayebofya ni wewe.

Tena mwaka huohuo wa 1969 ilitoka *Mabepari wa Venisi*. Kwa hiyo ukiona 1969a na 1969b hapo, usiguse kitu, herufi hizo ni halali. Ila kwenye kisanduku cha mwandishi mweke Shakespeare, na Mwalimu umweke kwenye cha mfasiri. Najua inauma.

*Shangazi, nilifuta pacha wote kwa mkono, na Word sasa haizitambui baadhi ya rejea. Nikirekebisha mwaka ndani ya Zotero, kwenye tasnifu haubadiliki. Nisaidie. — Nalia, Bunda*

Ukiunganisha, Zotero hukumbuka kwamba rejea ya zamani imechukuliwa na mpya, na Word hufuata. Ukifuta, Word hubaki imeshika kamba isiyofungwa popote. Dawa ni kufungua kapu la taka la Zotero, kuwarudisha uliowatupa, kisha kuwaunganisha kama nilivyomwelekeza wa Kabasa. Wakiwa wameshatoka kapuni, itabidi uziingize upya zile rejea moja moja, sura kwa sura.

Kapu hilo, kama hujabadilisha mpangilio, hujisafisha lenyewe baada ya siku 30. Barua yako ina tarehe 2, na leo ni 28. Weka gazeti chini, mwanangu, nenda kafungue kapu.