Muulize Kungwi wa Betri

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kufunda mabiharusi. Betri nilianza kuzifunda mwaka ule wa giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme kutoka bara ilipokatika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu bila taa. Wenye nazo walinunua majenereta. Sisi wengine tulinunua tochi, na kila jioni palikuwa na mtu mlangoni kwangu na betri mkononi, akiuliza mbona imemtoroka usiku wa manane. Nikaona maswali ni yale yale niliyoyazoea. Barua za mwezi huu ni hizi.

*Bi Kungwi, shikamoo. Nina sigara ya umeme ya bomba refu, imeandikwa volti 6. Inachukua betri mbili fupi za kuchaji, moja juu ya mwenzake. Muuzaji wa Darajani kanipa mbili za volti 3.7, kasema hizo ndizo zenye nguvu. Mawingu yanatoka kweli, lakini ladha ni ya ukoko na koili inaungua kila siku ya pili. Nimekosea wapi?*
*Mtoa Mawingu, Shangani*

Marahaba, mwanangu. Umekosea tangu kwenye posa. Betri zikipangwa hivyo, volti zake hujumlishwa. Hiyo 3.7 ni jina la barazani tu. Ikitoka kwenye chaja imeshiba, ina volti 4.2, kwa hiyo mbili ni 8.4. Bomba limeomba mahari ya 6, wewe umepeleka 8.4 na unashangaa wakwe wamepandwa na wazimu. Chukua koili ya omu 2: kwa volti 6 inavuta ampea 3, nazo ni wati 18. Kwa volti 8.4 inavuta ampea 4.2, na wati zinafika 35. Pilau uliyoambiwa uipalie makaa kidogo umeipalia karibu mara mbili, halafu unalalamikia ukoko.

Zipo betri za umbo hilo hilo zilizotengenezwa kwa volti 3. Mbili za namna hiyo ndizo zinazokupa 6. Lakini nazo zina chaja yake. Ukizitia kwenye chaja ya wenzao wa 3.7 utazilisha kupita tumbo.

Sasa nikufunde lile ambalo muuzaji hakukwambia. Betri ina sifa mbili. Ya kwanza ni mAh, yaani ukubwa wa mtungi. Ya pili ni ampea inazoweza kutoa, yaani upana wa mdomo wa mtungi. Betri fupi ya mAh 600 ukiidai ampea 3, unaitaka imwage maji yote kwa dakika 12. Itahema, itachemka, na siku moja itakutapikia.

Ningekuwa mzee wako ningekuoza bomba la betri moja, ile ndefu ya 18650, lenye saketi ya kupandisha volti ndani yake. Namba hiyo si ya siri: upana milimita 18, urefu 65, na sifuri ya mwisho ni ya umbo la mviringo. Mke mmoja, nyumba moja, ugomvi nusu. Ila usidhani saketi inazalisha umeme. Ili koili ipate wati 18, betri ya 3.7 italazimika kutoa karibu ampea 5, na kadiri inavyoishiwa ndivyo inavyodaiwa zaidi. Kwa hiyo chagua ambayo kiwanda chake kinaitolea ahadi ya ampea 10 au zaidi mfululizo, hata kama ina mAh 2500 na ya jirani ina 3500. Mtungi mkubwa wenye mdomo wa sindano hauzimi moto.

*Kungwi wangu, kifaa changu ni cha betri mbili za 3.7, na ndivyo kilivyotengenezwa. Juzi umeme ulikatika, nikachomoa moja nikamtilia mama kwenye tochi. Asubuhi nikairudisha mahali pake. Tangu siku ile moja inachemka, nyingine baridi kama barafu.*
*Mtiifu kwa Mama, Michenzani*

Radhi ya mama umeipata, lakini betri umezipa talaka rejea bila kuziuliza. Ile iliyokesha kwenye tochi imerudi nyumbani na njaa, mwenzake ameshiba, na kifaa hakijui tofauti: kinavuta kwa wote wawili sawasawa. Aliyeshiba anaendelea na kazi, mnyonge anakamuliwa mpaka anashuka chini ya volti 2.5, hata anaweza kugeuzwa chanya ikawa hasi. Joto unalolisikia ni kilio chake. Mtoe. Aliyeshushwa namna hiyo harudishwi tena kwenye chaja.

Betri za kifaa cha mbili hununuliwa siku moja, za aina moja, mpya zote. Huchajiwa pamoja, hutumiwa pamoja, na moja ikifa nyingine haikai eda kungojea mume mpya. Hupewa kazi ya peke yake, kwenye tochi ya mama kwa mfano. Ziandike majina kwa wino usiofutika. Zangu ni Juma na Mwajuma, na mwaka wa tatu huu sijazisikia zikigombana.

*Bi Kungwi, mimi mvuvi wa dagaa. Mzee wangu alivulia karabai, mimi navulia taa za betri. Nimenunua 18650 zilizoandikwa mAh 9900, lakini zinazima kabla hatujavuta wavu wa pili. Mwezi umeshaanza kuandama, nisaidie.*
*Taa Imezima, Mangapwani*

Baba, 9900 hiyo ni sifa za mshenga. Kwa umbo hilo, hata viwanda vikubwa vya dunia havifiki nusu yake. Anayekuuzia 9900 anakuuzia wino.

Usibishane naye. Chukua betri yako, ingia kwa sonara, mwombe akuwekee kwenye mizani ya dhahabu. Atakucheka, lakini mizani yake haicheki. Betri nzima ya 18650 huwa na gramu 45 na kidogo juu. Ikisoma 30, ujue ndani mna kibetri cha mtoto na unga wa kujazia. Na hata ikiwa na uzito wake, itazame ngozi. Wapo wanaofungua betri za kompyuta zilizokufa, wanazivisha plastiki mpya inayong'aa, wanazirudisha sokoni kama wari. Vitone vya kuchomelea vilivyobaki kwenye ncha ndivyo makovu ya ndoa ya kwanza.

*Bi mkubwa, Ijumaa nilitia betri ya akiba mfukoni mwa kanzu pamoja na funguo na sarafu. Katikati ya hotuba mfuko ukawaka joto. Niliruka safu mbili. Imamu bado ananitazama.*
*Mrukaji, Malindi*

Pole, na shukuru uliwahi kuruka. Watu hudhani hasi ni kitako cha betri tu. Sivyo: bati lote la ubavuni ni hasi, mpaka begani, na kinacholitenga na kichwa cha chanya ni kipete kidogo cha karatasi na ngozi ya plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Ngozi ikichanika begani, ufunguo mmoja unatosha kuwa daraja, na umeme wote unapita kwa mkupuo. Nunua kikasha cha plastiki, bei yake haifiki ya kanzu. Betri iliyochanika iache nyumbani mpaka ivishwe upya. Na ukisafiri kwa ndege, za akiba panda nazo mkononi, kila moja kikashani mwake. Kwenye begi la chini haziruhusiwi.

*Dada, nina kijana wa miaka 27. Betri zake anazijua umri, tabia, na nani alale na nani. Nikimtajia kuoa anasema bado hajawa tayari. Tena ananiambia anachovuta ni mvuke tu.*
*Mama Mtu, Shangani*

Mvuke wa birika hauna nikotini, dada. Wa kwake, ikiwa maji yake yana nikotini, unamfunga kama sigara. Hilo mwambie bila kumung'unya.

La kuoa, ngoja kidogo. Nimepata barua ya kijana wa hapo hapo Shangani, ameozwa mbili kwa neno la muuzaji, zinamuunguzia koili, na bado anauliza kosa liko wapi. Mwache kwanza ajifunze kupima kabla ya kuamini maandishi. Akifuzu, mlete. Kazi yangu ya zamani sijaisahau.