Shemeji na Mbalamwezi ya Karema

Shemeji yangu wa Dar es Salaam alikuja Mpanda na raba nyeupe. Niliziona nikanyamaza, vumbi letu halina haja ya msemaji. Alikuwa ametembea Forodhani ya Unguja mwaka jana, akala mishikaki akitazama bahari, na sasa alitaka "mji mkongwe wa majini" wa Katavi. Kwa sifa hizo jina ni moja tu: Karema na ngome yake ya zamani, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Tarehe alichagua mwenyewe. Alitazama kalenda akatafuta mwezi mpevu, ili picha za usiku zitoke vizuri.

Tulifika kwa Noah, abiria tukiwa tumepakatana na kuku wa watu. Raba zilishakuwa za kahawia. Jambo la kwanza akauliza, "Ngome si mmesema iko ufukweni? Ziwa liko wapi?" Swali la haki. Wabelgiji walipoijenga mwaka 1879, maji yalikuwa karibu. Kisha mto Lukuga, upande wa Kongo, ukazibua njia yake, ziwa likashuka mita kadhaa na kuiacha ngome nchi kavu. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ikawa misheni. Shemeji aliona ametapeliwa, ila hakumpata wa kumdai.

Njaa ikatupeleka kwa mama ntilie.

"Mama, tuwekee migebuka. Na dagaa wabichi pembeni."

"Hakuna, baba. Kuna maharage."

"Ziwani hapa hakuna samaki?"

Mama akanyoosha mwiko angani, mchana kweupe. "Mwezi."

Huku dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa wakaifuata, na migebuka wakawafuata dagaa kwa nia mbaya. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haimvutii mtu. Mitumbwi hupumzika, watu hushona nyavu. Shemeji alikuwa amechagua kwa uangalifu mkubwa siku ambazo Karema inakula maharage.

Alikula sahani mbili kwa hasira, na usiku tumbo likalipiza. Asubuhi nikamsimulia habari za Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapa hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 kituo kimoja, bila kuomba uhamisho! Shemeji alisikiliza kwa uchungu, ameshika tumbo, kisha akauliza kama hakuacha mwanafunzi karibu.

Picha za mbalamwezi hakupiga hata moja. Usiku wote alikuwa upande ule wa nyumba usio na mandhari.

Tuliporudi Mpanda akapita sokoni, akanunua dagaa wakavu kilo tatu bila kuuliza bei mara mbili. Nyumbani ametangaza kwamba aliwatoa mtumbwini kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo mke wangu anamsifia kaka yake.