Posa Kwenye Tope

Mafuriko yakishapita, kazi kubwa ni tope. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na njiani unazoa mchanga, taka za viwandani na kila kilichotupwa mtaroni. Maji yakipungua, vyote hivyo vinabaki sebuleni kwako. Sisi watu wa Kigogo tunajua kwamba tope la mto huu halingojewi. Likiwa bichi linakubali beleshi na fagio. Likishapigwa na jua linashika sakafu, na hapo utalikwangua kwa panga.

Mvua ya Desemba 2011 ilituanzia Jumanne tarehe 20, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuonekana jijini tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu walihamia kwenye madarasa ya shule. Nalitaja hili mapema kwa sababu vicheko ninavyovisimulia vilitokea katikati ya msiba, na tulivihitaji.

Sisi tulipanda wote salama kwa jirani mwenye nyumba ya mwinuko. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya kwanza, na mama aliirudia kwa kila alichokuta kimeharibika. "Godoro limekwisha, watu tupo. Unga umekwenda, watu tupo."

Chumbani kwa wazazi tulikuta friji limeelea na kutua juu ya kitanda. Juu ya friji alikuwepo kuku asiye wetu, mzima kabisa, na pembeni yake yai. Mwenyewe alipokuja kumchukua akaulizia na yai. Bibi akakata shauri palepale: kuku arudi kwao, yai ni kodi ya chumba. Mwenye kuku, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alicheka hadi akajishika mlango, nasi tukacheka naye. Kwenye kabati la nguo alikuwemo kambale. Watoto walitaka akaangwe, mama akakataa katakata, maana maji yale yalikuwa yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima.

Baraza ya fundi cherehani ikawa mahali pa kurudishiana mali. Kandambili za kushoto zilipangwa upande mmoja, za kulia upande wa pili, na watu wazima wakawa wanatafuta wenza wa viatu vyao. Sufuria letu la pilau liliibukia nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama alilitambua kwa herufi alizozitoboa kwa msumari kwenye ukingo, na aliyeliokota akalirudisha likiwa limeshasuguliwa kwa majivu, linang'aa kuliko lilivyoondoka. Nakumbuka sana kule kusuguliwa. Mwanamke yule naye nyumba yake ilikuwa imejaa tope.

Sasa, dada yangu alikuwa na posa. Washenga walikuwa wamepangiwa Jumamosi ya mwisho wa mwaka, na baba alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba waahirishe, hatuna hata kiti. Hawakuahirisha. Jumamosi ile tukasikia hodi, na mlangoni wamesimama wazee watatu, kanzu wamezipandisha hadi magotini, viatu mkononi.

"Karibuni, lakini hali mnaiona," baba mdogo akawaambia.

"Tumeiona tangu barabarani, bwana. Sisi tumefuata binti, hatukufuata makochi."

Wawili wakakalia matofali. Mshenga mkuu, mzee wa kiwiliwili, akapewa heshima ya ndoo iliyofudikizwa. Akatoa barua iliyofungwa kwenye leso pamoja na kishika uchumba, akakohoa, akaanza kueleza kwamba wameona ua zuri katika bustani hii. Alipofika kwenye bustani, ndoo ikapasuka. Mzee akakaa chini kwenye unyevu, barua kaiinua juu isiguse tope, na bado anaendelea na maneno yake. Aliyeanza kucheka ni dada mwenyewe, nyuma ya pazia, ambako hakutakiwa hata kusikika. Halafu mshenga, kisha nyumba nzima. Baba alicheka huku anafuta machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko.

Hawakuondoka baada ya kukabidhi barua. Walivua kanzu, wakaomba beleshi, na hadi alasiri chumba cha uani kilikuwa kimeonekana sakafu.

Majibu yalichelewa kidogo kwa kukosa karatasi kavu. Yaliandikwa kwenye ukurasa wa daftari la hesabu la mdogo wetu, lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, kingo zake zikiwa na rangi ya mto. Baba mdogo akaorodhesha mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba. Alipofika kwa bibi akauliza kama aandike blanketi, kama ilivyo kawaida.

"Andika beleshi," bibi akasema. "Na ndoo mbili. Moja yangu, moja ya kulipia ile waliyonivunjia."

Siku ya kuleta mahari, ndoo zilikuja zote mbili, mpya, zenye vifuniko, na beleshi limefungwa utepe mwekundu kwenye mpini. Mzee yule alimkabidhi bibi kwa mikono miwili, kisha akaomba aletewe kiti.