Mizigo ya Mtafiti
Utafiti wa mila za watu huanza na mizigo. Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alijiandaa kwenda Irangi, eneo la Kondoa. Huko kukazuka machafuko, akaelekezwa Lindi, kusini. Aliyejiandaa kwa watu wa huko akatafiti wengine. Alipita Masasi, ambako misheni ilichomwa mwaka uliotangulia katika Vita vya Maji Maji, akapanda Newala na fonografu, kamera ya sinema na wapagazi. Juu kwenye uwanda huo wa Wamakonde hakuna mto: wanawake waliteremka bondeni kuteka maji, wakapanda na mitungi kichwani, bila mpagazi. Siku hizi mtafiti mgeni hubeba kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za mkoa, wilaya na kijiji. Vinyago alivyokusanya Weule viko Leipzig. Mmakonde akitaka kuviona, ajiandae yeye: pasipoti, viza na nauli.