Fundi wa Mstari Mmoja

Ukiwa Rebero, Kigali yote iko chini yako, na hata vichochoro vinajitaja kwa vibao: herufi KK, namba, umefika. Juzi nikawakuta huko vijana wawili waandishi wa programu, kompyuta moja katikati, chai ya maziwa imeshaota utando. Tangu saa tatu wanakodolea mstari mmoja: mabano saba, alama za kuuliza mbili, na vigeugeu vitatu, a, aa na aaa.

"Huyu jamaa kichwa," anasema mmoja.

"Kichwa, sawa. Sasa mstari wenyewe unafanya nini?"

Kimya.

Kuna shindano la kuandika lugha ya C isisomeke, lipo tangu 1984. Wale angalau wanajua wanacheza. Na msimbo wa mchezo wa kompyuta wa Quake III ulipowekwa wazi mwaka 2005, watu walikuta namba 0x5f3759df, na pembeni yake maelezo ya mtu anayeshangaa. Lakini ile iliharakisha hesabu nzito. Huu wa Rebero, tuligundua saa saba, unatafuta asilimia 18 ya VAT.

Wakafukua historia ya faili wamjue huyo mjuzi. Jina likatokea. Mmoja akafunga kompyuta taratibu.

"Mzee, chai yako nalipa mimi."